Kelele Niliyompigia Parrain

Mimi sikwenda sokoni siku ile kusamehe mtu. Nilikwenda kuuza sambaza, dagaa wetu wa Ziwa Kivu, na hasira yangu nilikuwa nayo kama kawaida. Wanawake wa soko la Kamembe wananijua: Maman Chloé, yule wa Bukavu, ukishikashika samaki wake bila kununua atakutukana wewe na ukoo wako.

Saa nne asubuhi nikainua macho, Bashige amesimama mbele ya meza yangu. Amekonda, kofia mkononi.

Sasa niwaambie Bashige ni nani. Alikuwa parrain wetu, aliyesimamia ndoa yangu na Mukengere. Kwetu parrain si mtu wa kupiga picha ya harusi halafu basi. Ni baba. Mkigombana mnampelekea ugomvi wenu, Mwaka Mpya mnampelekea kuku. Vita vilipokaribia Bukavu, ni yeye aliyepanda akagongelea mbao juu ya jiko letu, ili Mukengere apate pa kujificha. Mahali pale tulipajua watu watatu tu.

Wenye bunduki walipokuja, walikuja na Bashige. Aliinua kidole akaonyesha juu. Wakamimina risasi kwenye dari mpaka mbao zikapasuka na jiko likajaa vumbi. Halafu damu ya mume wangu ikaanza kudondoka ndani ya sufuria ya maharage, na maharage bado yanachemka. Chloé alikuwa ameng'ang'ania kitenge changu, anapiga mayowe. Bashige akageuka akaenda zake. Hata usoni hakuniangalia.

Nikavuka mto Ruzizi, nikaingia Rwanda na mtoto mgongoni. Zaidi ya mwaka nasali parokia ya hapa, na padri akianza kuhubiri msamaha mimi natoka nje. Ee, natoka! Siku moja nilimwambia Yesu mbele ya msalaba wake: waliokuua wewe hukuwapelekea kuku kila mwaka.

"Maman Chloé," akasema Bashige. "Nimekutafuta sana. Nimekuja kuomba musamaha."

Nilichukua sahani ya mizani nikampiga nayo usoni. Unyusi ukapasuka, damu ikamwagikia sambaza wangu. Nikampiga tena. Hakuinua mkono, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Nikamnyooshea kidole, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mwizi! Igisambo! Mumukamate!"

Neno hilo sokoni halirudi tupu. Wabeba mizigo waliacha magunia wakaja mbio. Wa kwanza alimpiga teke la tumbo, wa pili akamshushia ubao mgongoni. Mfupa fulani ukavunjika, niliusikia. Mmoja akamwinua kwa kola akamuuliza, "Umeiba?"

Bashige aliniangalia. Safari hii aliniangalia machoni.

"Ndiyo," akasema. "Nimeiba."

Wakamrudisha chini. Matofali sasa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisimama pale nahesabu mapigo kwa raha: hili la Mukengere, hili la Chloé, hili la usiku wote niliokesha.

Zulaikha, anayeuza vitenge jirani yangu, akanivuta mkono. "Maman Chloé, ameiba nini? Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Huyu hakugusa kitu. Wallahi watamuua!"

Niliutazama mkono wangu. Kidole bado kilikuwa kimenyooka.

Yesu wangu! Ndipo nikamkumbuka Yuda. Alichovya mkate sahani moja na Bwana, akala naye, kisha akaenda kuwaonyesha watu wa kumkamata. Na Bwana alipomwona anakuja, alimwita rafiki. Mimi nimekwenda kanisani tangu utotoni, na hasira ilikuwa imenisahaulisha habari hiyo. Nikasema moyoni, kwa ukali kabisa: Haya, unataka nini kwangu? Unataka nini? Na nilijua anachotaka. Kijana mmoja alikuwa ameinua chuma.

Nikajitupa juu ya Bashige. Chuma kikanipata begani, giza likapita machoni, mdomo wangu ukagonga sakafu na jino likatoka.

"Nimedanganya!" nikapiga kelele na damu kinywani. "Hajaiba! Huyu ni parrain wangu! Ni mimi muongo, munipige mimi!"

Zulaikha naye akaingia katikati, anawasukuma watu kwa mikono miwili, anawaita mashetani. Chuma kikaanguka. Watu wakarudi nyuma hatua moja, kisha mbili.

"Acha banimalize, Maman," akanong'ona Bashige chini yangu.

"Funga kinywa! Kwa nini ulibaonyesha? Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Balishika batoto bako?"

"Hapana. Niliogopa tu."

Hata kisingizio hakuwa nacho! Nilitamani kumnyonga palepale. Nikamshika mashavu yake yaliyovimba, nikamwambia, "Basi sikiliza. Nimekusamehe. Na usifikiri ni kwa ajili ya sura yako. Kristo ananilazimisha, na mimi nimekubali. Nimekusamehe kifo cha Mukengere."

Akafumba macho. Polisi walikuwa wanakuja na filimbi zao, nami nilijua nitawaambia kila kitu, wanifunge wakitaka. Lakini kulikuwa na neno moja limebaki, na hilo lilinishinda kuliko lile la kwanza. Yule mzee alikuwa anatema damu kwa sababu ya mdomo wangu.

"Parrain," nikasema, "na mimi unisamehe. Nimetaka kukuua."

Alihema, akakohoa. Nilingoja kama mtoto anayengoja fimbo. Alikuwa na haki ya kukataa. Mwishowe akapapasa, akaupata mkono wangu, akaushika.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mwanangu."

Ndipo nikalia. Nililia palepale chini, katikati ya sambaza na damu, Zulaikha amenishika kichwa, polisi wamesimama wananitazama. Nilikuwa namlilia Mukengere. Tangu afe nilikuwa sijamlilia hata siku moja; muda wangu wote ulikuwa wa kumchukia Bashige.