Vikombe Vinne Mbele ya Baba

Siku mama alipofariki, kitambaa cha kijani kilikuwa bado juu ya meza yake ya kukatia. Jana yake alikuwa amekata kitambaa cha kiti, mgongo na mkono mmoja wa kochi la watu watatu, akavipanga vipande kimoja juu ya kingine, akasema kichwa kinamwelemea na mkono wa pili ataukata kesho. Alfajiri hakuamka. Bosi, mwenye karakana yetu ya makochi, alifika nyumbani asubuhi ile akiwa na miwani kichwani na nyuzi za kijani kwenye sketi. Akaketi chini pamoja na wanawake wengine, na hakuna aliyemwambia ajikung'ute. Nyuzi zile nazikumbuka kuliko maneno ya pole niliyoambiwa.

Mimi na mama tulifanya kazi karakana moja. Yeye alikata, mimi nilishona, na Sponji alijaza na kupiga stepla. Sponji si jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu keki yoyote akipewa huichovya kwenye kahawa mpaka inalegea, kisha huivuta mdomoni kwa sauti. "Huyu hali," mama alikuwa akisema. "Huyu anafyonza."

Kila Jumamosi tulifunga kazi mchana, tukavuka barabara kwenda mkahawani. Baba, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kustaafu, alikuja kutoka nyumbani, na shangazi, dada yake, naye hakukosa. Lakini kwanza baba alipitia karakana. Kochi lililomalizika wiki ile halikutoka mpaka yeye aketi juu yake. Akisinzia, kochi limepita. Akianza kujigeuzageuza, mama alimwambia Sponji, "Fungua, kuna mahali umebana." Wateja hawakujua kwamba makochi yao mapya yamekwisha kukoromewa.

Mkahawani tulikuwa na sheria moja: hakuna anayejiagizia. Unakwenda kaunta peke yako, unamwagizia aliyeketi kulia kwako kinywaji na kitu cha kutafuna, unalipa, unarudi kukaa na kunyamaza. Mwenzako hajui kinachomjia mpaka kiwekwe mbele yake. Mama ndiye aliyeitunga sheria hiyo, na chanzo chake kilikuwa baba. Kila akiulizwa anataka nini, baba alijibu, "Kahawa nyeusi tu, mimi sina njaa," kisha uma wake ukahamia kwenye sahani ya mama. Siku moja mama akachoka.

"Kuanzia leo nakuagizia mimi," akamwambia mbele ya watu wote. "Na keki yako itakuwa kubwa kuliko yangu, tuone utaiba nini."

Wengine nao wakasema wanataka kuagiziwa, na mchezo ukawa wetu sote.

Mimi ndiye niliyekuwa namwagizia mama. Alipenda donati yenye sukari laini juu. Aliila kwa vidole viwili, vingine ameviinua, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na bado sukari ilimfika mpaka kwenye nyusi. Baba alimwagizia shangazi chai ya tangawizi isiyo na sukari, wiki nenda wiki rudi.

"Kaka, una mkono wa birika hata kwa sukari?" shangazi alimuuliza. "Na sukari ya hapa ni ya bure!"

"Ulinimalizia asali yangu tukiwa wadogo."

"Nilikuwa na miaka sita!"

"Mimi nilikuwa na minane, na nilikuwa naipenda."

Shangazi alikunja uso, akanywa, kisha akanyoosha mkono kwenye sukari ya jirani yake. Sponji alicheka mpaka akapaliwa, na mama alimpiga mgongoni huku naye akicheka. Jumamosi hizo hazikuwa na jambo kubwa lolote. Tuliongea habari za wateja wanaotaka rangi nyeupe huku wana watoto wanne, tukafutana makombo, tukaenda nyumbani.

Baada ya mazishi hatukwenda. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme, na hakuna aliyesema. Baba hakukanyaga tena karakana. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, televisheni imezimwa, akala nilichompa bila kuuliza ni nini. Yeye aliyekuwa akilalamikia chumvi kila siku ya Mungu, sasa ningempa hata maji ya moto yasiyo na kitu, angeshukuru.

Nikamwambia, "Baba, Jumamosi hii twende mkahawani."

"Nikafanye nini?"

"Ukanywe kahawa na watu."

"Wale ni wenzake mama yako," akasema. "Mimi nilikuwa namsindikiza. Sasa nitakwenda kumsindikiza nani?"

Nilianza kuingiwa na hofu. Mama alikuwa amekwenda kwa usiku mmoja tu, na baba niliona anakwenda kidogo kidogo, mchana, mbele ya macho yangu. Nikawaeleza wenzangu kazini. Bosi alivua miwani, akaifuta, akairudisha kichwani bila kuivaa machoni. Sponji aliendelea kupiga stepla.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mchana, Sponji akabisha hodi nyumbani kwetu akiwa na aproni ya kazi.

"Mzee, lile kochi la kijani limekwisha. Mteja analifuata keshokutwa na hatujui kama limepita."

"Likalie wewe," baba akamwambia.

"Mimi? Mimi nikikaa juu ya tofali nalala. Kipimo changu kimeharibika."

Baba akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

Mkono wa pili wa kochi lile niliukata mimi, na nilikuwa sijazoea kukata. Baba akaketi katikati, akasogea upande mmoja, akasogea upande wa pili. Sisi tumesimama kama watoto wanaosubiri kusomewa matokeo ya mtihani. Akaweka viganja juu ya mikono yote miwili ya kochi, akabonyeza.

"Huu wa kushoto umekaza. Nani amekata?"

"Mimi, baba."

Akaupapasa tena, taratibu. "Ukikaliwa utalegea," akasema. Hakusinzia, ila alifumba macho kidogo.

"Shemeji," Bosi akauliza, "limepita au tulifungue?"

"Limepita."

"Basi twende tukale."

Kabla hajapata kisingizio, shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, akamshika kiwiko kama askari aliyekamata mwizi wa kuku, akamvusha barabara.

Tukaketi kama zamani. Kiti cha mama kilibaki wazi kati yangu na baba, na hakuna aliyekigusa. Nilimwona baba akikitazama, kisha akiutazama mlango. Nilijua akinyanyuka pale hatarudi tena. Akanyanyuka kweli. Lakini alikwenda kaunta. Aliporudi akakaa, akaenda shangazi, kisha Sponji, kisha Bosi. Mimi nikawa wa mwisho.

Kulia kwangu hapakuwa na mtu. Baada ya kiti kitupu alikuwapo baba, na aliyekuwa akimwagizia hayupo. Sikuhitaji kufikiri. Nikamnong'oneza dada wa kaunta, "Kwa baba. Kahawa ya maziwa na keki ya chokoleti." Dada yule akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikadhani anataka kunipa pole na ameshindwa.

Akaja na sinia. Chai ya tangawizi akamwekea shangazi.

"Hata leo, kaka?"

"Hata leo."

Kahawa ya maziwa na keki ya ndimu akaviweka mbele ya baba. Akarudi kaunta, akaja na kahawa nyingine na keki ya karoti, akaviweka mbele ya baba. Akaja tena na kahawa yenye povu na donati, akavisukuma vya kwanza pembeni ili vipate nafasi. Mwisho ikaja keki yangu ya chokoleti. Baba akawa na vikombe vinne na sahani nne, amezingirwa, na mbele yetu sisi wengine, ukiacha chai ya shangazi, meza ni kavu.

"Vimekwisha," dada akasema, sinia kwapani. "Hivyo ndivyo mlivyoagiza."

Tukatazamana.

"Huyu ni kaka yangu!" shangazi akaanza kujitetea. "Nilijua mtoto ana msiba, hatakumbuka."

"Nimekumbuka, shangazi!"

"Mimi nilidhani nyote mtaona haya kumwagizia," Bosi akasema. "Na wewe Sponji?"

"Mimi nilifikiri wewe, Bosi…"

"Ulifikiri mimi nini?"

"Nilifikiri hutafikiri."

Shangazi akapiga meza kwa kiganja. Bosi akamgeukia dada. "Na wewe unaona hivi vinapangwa, umenyamaza tu?"

"Si mlisema ni siri? Mmekuja mmoja mmoja, kila mtu ananinong'oneza sikioni. Mimi nivunje siri za watu?"

Baba alikuwa ameinamia vikombe. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikanyoosha mkono kuchukua karatasi za kufutia machozi. Alipoinua uso nikaona anacheka. Machozi yalikuwapo pia, lakini alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kwenye lori, cha mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Mnataka kuniua?" akasema. "Msiba mmoja haukuwatosha?"

Bosi akacheka mpaka miwani ikamtoka kichwani, ikatumbukia kwenye povu la kahawa. Watu wa meza nyingine waligeuka kututazama. Sijui walituchukuliaje, na sikujali.

Tulipotulia, baba akajifuta uso. "Mimi nilijua mlikuwa mnanivumilia kwa ajili yake," akasema polepole.

"Tulikuwa tunakuvumilia," shangazi akamjibu. "Na bado tunaendelea."

Akatikisa kichwa, akaanza kugawa. Keki ya ndimu na kahawa yake akampa Sponji, "hii ni kavu, itakupa kazi ya kufyonza." Bosi akapewa kahawa yenye povu, kwa kuwa miwani yake imekwisha kuionja. Mimi nikapewa keki ya karoti. Shangazi akauliza na yeye sehemu yake iko wapi. Baba akaikata donati kwa kisu, katikati kabisa, akampa nusu, na nusu akaiweka kwenye kiti cha mama, juu ya karatasi safi. Kisha Sponji akachovya keki yake, akaivuta kwa sauti ile ile, na shangazi akamwambia anatutia aibu.

Kochi la kijani lilichukuliwa keshokutwa yake. Karakana bado haijapata mkataji mwingine, kwa hiyo nakata mimi. Baba huja kila Jumamosi kwa miguu, na hufika kabla hatujafunga.