Nywele za Nyiramana

Mwaka wa tisini na mbili Kaliza, binti wa Bertrand, alianza kusahau majina ya vitu. Tumbo lilimkata, uso ukampauka, na hospitali hawakuona kitu. Watu wa Kinyinya, mlima wao huko Rwanda, waliona. Walisema ni jirani yao, bibi Nyiramana, aliyezoea kumpa mtoto maziwa. Walimwita umurozi, mtia watu sumu, na Nsabimana, mkubwa wa kelele pale mlimani, akaapa kumtoa kwa nguvu. Lisemwalo lipo, walisema, na watu wa namna hii hawajawahi kukosa methali.

Bertrand alikuwa fundi wa maabara, kazi yake kupima madini kwenye maji. Alimwendea bibi akamwomba nywele zake. Mlimani pale anayekuomba nywele anataka roho yako, lakini Nyiramana alivua kitambaa, akainamisha kichwa.

"Kata, mwana wangu. Mimi naonja maziwa mbele ya mutoto kila siku, ni desturi yetu. Kama iko sumu, iko na kwangu."

Ndivyo Bertrand naye alivyofikiri. Alichukua nywele za bibi, za Kaliza, na zake mwenyewe ziwe kipimo cha mtu asiye na neno. Akaziyeyusha kwenye asidi.

Mchana ule jengo lilikuwa tupu. Tangu vita ianze, wenzake waliwahi makwao. Dalili za mtoto zilimfanya ashuku risasi, ile madini ya kwenye betri, basi akawasha taa ya kuipimia, kisha moto wa gesi, nao ukapiga mluzi. Mrija mwembamba hunyonya sampuli hadi motoni. Kama sampuli ina risasi, inakula mwanga wa taa, na namba inapanda.

Kwa nywele za Nyiramana namba haikutikisika. Kwa za Kaliza ilipanda. Akatia mrija kwenye zake. Namba ikapanda, ikampita mtoto, ikaendelea kupanda.

Aliosha mrija, akarudia. Ilikuwa ileile. Alisimama peke yake na mluzi ule, kisha mkono, kama wa mtu mwingine, ukautia mrija kwenye chupa ya maji ya kunywa aliyotoka nayo nyumbani. Mwanga ukaliwa karibu wote.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hujipekua? Dumu la maji la nyumbani alilibeba mwenyewe kutoka maabara hii, kwa kuwa madumu yalikuwa adimu. Lilikuwa la kumwagia mabaki ya risasi. Alilisugua kwa majivu na maji moto akaridhika, yeye mtaalamu.

Alikimbia. Kabla hajafika kwake, akaona watu uani kwa Nyiramana, Nsabimana akiwa mbele. Bertrand akajitupa mlangoni, akihema, akawaeleza habari za dumu, za mwanga, za namba. Hawakumwelewa.

"Muache mukecuru, bibi wa watu," akasema. "Umurozi ni mimi."

Nsabimana akamtazama kwa huruma ya kweli, akamshika bega, akamsogeza pembeni taratibu.

"Munaona?" akawaambia wenzake. "Bibi amesha kumuroga na huyu."

Wakaingia ndani.