Laptop Iliyotangulia

Laptop ya Jeet iliingia Mchafukoge, Dar es Salaam, asubuhi moja ya Agosti, wakati mama yake, Jasvanti, anachambua mchele kwenye sinia. Ililetwa na Vivek, jirani wa ghorofa ya pili, aliyekuwa na dada yake Leicester, Uingereza, na mguu usiotulia. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo alifika ghorofa ya nne akihema. Alivua viatu mlangoni, akaiweka laptop mezani kando ya chupa ya chai.

"Masi," alisema, kama anavyowaita mama zake wadogo wote, wa damu na wa ngazi, "mzigo wa Jeet huu. Amesema anautanguliza, yeye yuko nyuma."

Jasvanti alijifuta mikono kwa ncha ya sari. Kwa miaka kumi na miwili Jeet alikuwa akirudi nyumbani kutoka Leicester. Alianza kurudi tangu mwaka ule ule alioondoka, na aliendelea kurudi kila mwaka bila kufika. Safari hii ilikuwa tofauti kwa sababu alikuwa amenunua kitu. Alieleza kwenye simu kwamba laptop za huko ni imara, na kwamba ataitumia nyumbani, kwenye duka la marehemu baba yake, Vasant, pale Mtaa wa Mkunguni, ambako hesabu ya vifungo, zipu na nyuzi ilikuwa imehifadhiwa mpaka leo katika kichwa cha Candida, aliyeajiriwa na Vasant akiwa msichana na sasa ana wajukuu. Mtu hanunui kitu cha kutumia nyumbani kama hana nia ya kurudi nyumbani. Hivyo ndivyo Jasvanti alivyojiambia, na ndivyo alivyomwambia Candida, na muuza chai wa chini, na yeyote aliyesimama karibu naye hekaluni Mtaa wa Kisutu.

Alipoifunua, kioo kiliwaka, kikaandika: Karibu, Jeet.

"Yuko njiani," Jasvanti akaiambia, akarudi kwenye mchele wake.

Wiki ya kwanza haikusumbua. Baada ya hapo ikaanza kukataa umeme. Chaja yake ilikuwa ya meno matatu bapa, kama za hapa hapa, lakini ilishinda imechomekwa ukutani na isile chochote. Saa yake ilibaki ya Leicester. Vivek aliirekebisha kila alipopanda kunywa chai, naye akishuka tu, yenyewe ikarudi nyuma. Kisha kioo kikaanza kufunga ukungu tangu alfajiri, na katikati ya vitufe yakawa yanachuruzika maji ya baridi ya kuuma vidole. Jasvanti aliiwekea sinia chini, na sinia likijaa, alimwagilia mrehani wake wa ibada pale kibarazani. Mrehani haukuyapenda yale maji.

Kila asubuhi aliikuta imegeuka. Aliiacha ikitazama mlango, akaikuta inatazama dirisha. Dirisha lile zamani lilikuwa na anga, na siku hizi lina ukuta wa ghorofa jipya, na laptop ilikaa ikiukodolea ule ukuta kutwa. Vivek alipima kwa simu yake, akasema huo ndio upande wa Uingereza. Siku za joto kali haikuwepo kabisa mezani. Ilikutwa jikoni, imeegemea mlango wa friji.

Jasvanti akaitia kwenye kikapu, akaipeleka Mtaa wa Aggrey kwa Mboni, binti wa Newala aliyekuwa na meza ya kutengeneza simu na laptop chini ya ngazi za jengo la maduka. Mboni alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua skrubu zote. Betri ilikuwa nzima. Feni ilikuwa nzima. Aliinusa kidogo, akazirudisha skrubu.

"Mama, hii haiumwi. Imekumbuka kwao."

Alisema anaziona sana. Za Dubai hazina shida, kule kila mtu ni mpita njia. Za China zinakuja kontena zima, zinaliwazana. Zinazosumbua ni hizi zilizobebwa moja moja kwenye begi la mtu. Jasvanti akauliza dawa yake. Mboni akasema dawa ni kuifuta, kila kitu, mpaka iwe kama haijawahi kukaa popote. Haichukui muda, mama anaweza kusubiri hapo hapo kwenye stuli.

"Kufuta hapana," alisema Jasvanti, akaomba kikapu chake.

Njiani alikuwa akiwaza, na alichowaza kiliuma. Laptop hii ilikaa Leicester hata mwezi haukutimia, chumbani mwa Jeet, pengine ndani ya boksi lake, na bado inalilia kwao mpaka maji yanajaa sinia. Jeet alizaliwa juu ya zile ngazi. Alijifunza kutembea akishika kuta za korido ile. Katika miaka yote hiyo hajapata kusema kwenye simu kwamba amekumbuka kitu, isipokuwa mara moja alipouliza jina la ile pilipili ya muuza mihogo.

Dawa nyingine Jasvanti aliijua, kwa sababu aliwahi kuinywa. Yeye mwenyewe aliletwa. Aliletwa na meli kutoka Lindi, bibi harusi wa miaka ishirini, na kwa wiki kadhaa alikaa kwenye dirisha la kusini, hali, hasemi, hana hili wala lile. Mama mkwe wake hakumbembeleza. Alimpa kikapu, akamshika mkono, akamtembeza mtaa kwa mtaa, akimtajia majina na nani anauza nini na nani kagombana na nani. Alifanya hivyo kila siku, kiguu na njia, mpaka asubuhi moja Jasvanti akajikuta anabishana na muuza nazi, na ubishi ule ukawa ndio mwisho wa Lindi. Mkwe alikwisha kufa siku nyingi. Jasvanti bado alikuwa akimkumbuka, hasa saa za chai.

Basi akaitembeza. Kila asubuhi aliiweka kwenye kikapu, kifuniko kikiwa wazi kidogo ili ipate kuona, akatoka nayo kupitia Mtaa wa Libya na Jamhuri, akavuka Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo. Aliisimulia kwa sauti ya kawaida, na watu walimpisha kama wanavyompisha mtu mwenye simu sikioni. Aliiambia kwamba pale penye ghorofa la vioo palikuwa na nyumba ya roshani za mbao, na roshani ya tatu ilikuwa na kasuku aliyeijua adhana yote. Aliionyesha kona ambapo Vasant alimnunulia juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, wiki ya kwanza ya ndoa, wote wawili wakinywa huku wakitazama upande mwingine kwa aibu. Aliionyesha Soko Kuu, akaieleza lilivyoungua na lilivyojengwa tena. Dukani aliionyesha gunia la vifungo ambalo Jeet alilala juu yake akiwa mdogo, mtaa mzima ukimtafuta na Vasant akilia waziwazi mbele ya wateja. Gunia lenyewe halikuwa lile, lakini lilikaa mahali pale pale. Candida alisikiliza kutoka nyuma ya kaunta, akaongeza kwamba vilikuwa vifungo vya koti, vyeusi.

Kwenye mihogo ya kukaanga, laptop iliwasha feni. Jasvanti alinunua ya mia tano, akaomba pilipili na ndimu kwa wingi, akala amesimama huku kikapu kikimtetemekea mkononi.

Maji yakawa ya uvuguvugu, kisha yakakauka. Ikaanza kula umeme, tena kwa pupa. Ikaacha dirisha. Siku moja saa yake ilisogea yenyewe mpaka saa za Dar es Salaam, na kabla ya wiki kwisha ikapiga hatua nyingine: jua likichomoza, kioo kiliandika saa kumi na mbili, na watu wakianza kazi kiliandika saa mbili. Vivek alisema afadhali, sasa mtu haombwi kujumlisha.

Ilipofika Diwali, Jasvanti alipika kila alichokipenda Jeet. Jeet alikuwa amesema atafika kwa Diwali. Candida alipiga rangi mbao za duka, bila kuombwa. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kuvibariki siku hiyo vitu vya kazi, mizani, mkasi na kile kipimo cha kitambaa cha Vasant, na mwaka huu laptop ikakaa katikati yao, mbele ya picha ya Vasant yenye shada la maua. Jasvanti alichovya kidole kwenye unga mwekundu, akaitia alama juu ya kifuniko. Alikuwa bado na wekundu kidoleni laptop ilipoita, na Jeet akatokea kwenye kioo, amevaa koti ndani ya nyumba.

Jeet alikuwa na lugha tatu za kuzungumza na mama yake. Kigujarati kilikuwa cha salamu na maradhi. Kiswahili kilikuwa cha kuomba. Kiingereza kilikuwa cha kukataa. Alianza kwa Kigujarati, akaingia Kiingereza, akakaa humo muda mrefu. Kulikuwa na kazi, na bosi mpya, na tiketi zilizopanda. Mama yake aliitikia kwa kichwa. Ndipo alipohamia Kiswahili, akibakiza neno moja tu la Kigujarati, Ba, yaani mama.

"Ba, hiyo laptop, mpe Vivek akija tena huku. Yangu ya huku imekufa. Na hiyo dhamana yake inafanya kazi huku tu, hapo ikiharibika ni hasara."

Jasvanti alimwuliza ataitumia nini atakaporudi nyumbani. Jeet akasema atanunua nyingine.

Siku ya safari Vivek aliitafuta nyumba nzima, akaja kuivuta kutoka nyuma ya pipa la mchele. Jasvanti aliifunga kwenye kitenge. Aliona vibaya kuipeleka, lakini mali ilikuwa ya Jeet, na hajawahi kumnyima Jeet kitu chochote. Jambo hilo Candida alikuwa na maoni juu yake, na siku hiyo aliyasema.

Simu ya Leicester ilikuja kabla hata Vivek hajarudi. Jeet hakuwa na furaha. Laptop inatoa jasho, alisema, maji ya moto yenye harufu ya pilipili na ndimu. Saa yake haishikiki, amechelewa kazini mara mbili. Alfajiri inatoa adhana, na baada ya adhana kengele ya hekalu, na baada ya kengele wachuuzi wanaoita jero, jero, mia tano tu, mpaka jirani amegonga ukuta. Mafundi wameipima, ni nzima. Ameifuta yote, mara mbili, na bado kila asubuhi anaikuta imegeukia dirisha la kusini-mashariki.

"Ba, uliifanya nini?"

"Niliitembeza."

Jeet akamtaka arudie. Mama yake akarudia.

"Imekumbuka nyumbani," Jasvanti akasema. "Itembeze na wewe huko, uiambie majina ya mitaa. Itazoea."

Jeet akasema, kwa Kiingereza, kwamba hana muda huo, na kwamba ile ni mashine tu.

"Na wewe, mwanangu? Wewe hukumbuki?"

Jeet akasema, kwa Kiingereza, kwamba mtandao ni mbaya, hasikii vizuri. Jasvanti alikuwa akimsikia vizuri sana. Alisikia hata birika lake likichemka.

Mwezi wa pili, asubuhi ya mvua, Candida alifika kufungua duka akaikuta laptop imeegemea mlango wa chuma, ndani ya kitenge kilicholowa. Kona moja ilikuwa imebonyea, na ilikuwa na stika za viwanja viwili vya ndege na tope la Barabara ya Nyerere, ile itokayo uwanjani. Mtu wa mkokoteni aliyekuwa akishusha mzigo jirani alisema aliikuta pale pale, hakutaka kuigusa, aliona inamsubiri mwenyewe. Candida akaifuta kwa kitambaa cha kufutia kaunta, akaichomeka, akampigia simu Jasvanti kwamba mgeni wake amerudi.

Jasvanti alikuja na kikapu, ingawa hakukuwa na cha kubeba. Aliigeuza, akaona kwamba ile alama nyekundu ilisuguliwa kwa kitu kikali, ikabaki nusu. Alikaa nayo mapajani kitambo, akalia kidogo, na Candida akaenda kupanga nyuzi ambazo zilikuwa zimepangika.

Jeet alipopiga alisema laptop imeibwa. Mama yake akamwambia iko dukani. Jeet akasema kwa Kiswahili kizuri, kile cha utotoni, kwamba basi waitumie tu, na kwamba mwakani, Mungu akijalia, atarudi. Jasvanti alisema sawa. Alitambua kwamba hiyo ilikuwa lugha ya kuomba, ila hakuona kilichokuwa kikiombwa.

Tangu hapo inakaa kwenye kaunta, ikitazama mtaa. Candida amevitoa vifungo kichwani mwake na kuviingiza humo, aina kwa aina, na wateja wameizoea. Jasvanti huja kunywa nayo chai. Kila Diwali huijazia alama yake.

Ilifutwa mara mbili kule, na mafundi walisema haikubaki kitu, lakini kila asubuhi Candida akiifunua, kioo huwaka na kuandika: Karibu tena, Jeet. Miezi ya mwanzo Jasvanti aliijibu kwamba yuko njiani. Siku hizi huyasoma maneno yale mpaka mwisho, bila haraka, halafu hubonyeza yaondoke, akamwuliza Candida vifungo vyeupe vimebaki vingapi.