Hakuna wa Katikati

Wanafunzi wananiita Pilipili, na wanadhani sijui. Najua sana. Hata mama mkwe wangu alilisikia hilo jina, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akamgeukia bintiye: "Umesikia mumeo anavyoitwa huko shuleni?" Mke wangu hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Mwambie wamepatia," akasema. Na mimi nimeketi palepale, naweza hata kumgusa.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Mke wangu na mimi tuna vichwa vigumu, na baada ya ugomvi mmoja ambao hata chanzo chake sikikumbuki, tuliacha kusemezana. Kila kitu kikapitia kwa mama yake. "Mama, mwambie sukari imekwisha." "Mama, mwambie nimesikia, mimi si kiziwi." Yule bibi aliyabeba maneno yetu na kuyapunguza makali. Nikisema, "Mwambie hiyo cherehani yake inanipasua kichwa," yeye alimwambia, "Mwenzio amechoka, mwanangu, hebu na wewe pumzika." Tulikuwa tukisikia wote, na siku ikapita salama. "Ninyi," alitutania, "nikifa mtaandikiana ukutani?"

Mwezi uliopita akafariki. Nyumba imezizima tangu hapo, jamani. Na jana asubuhi nikaliona begi la mke wangu limesimamishwa karibu na mlango wa chumba. Nilikuwa nimemsikia kwenye simu akipanga na kaka yake aje kumchukua jioni, arudi kwao. Mimi sikuambiwa kitu. Nilitaka abaki, nilitaka hivyo kuliko kitu chochote, nikachukua chaki zangu nikaenda kazini.

Kipindi kilikuwa cha hisabati, mada ya induksheni, ile njia ya kuthibitisha jambo kwa namba zote hatua kwa hatua. Hawa watoto wanaikariri kama kasuku: onyesha kwa moja, chukulia ni kweli kwa idadi fulani, onyesha kwa idadi hiyo na moja zaidi, basi, ni kweli kwa zote. Kwa hiyo kila mwaka nawatega kwa uthibitisho wa uongo.

"Leo nathibitisha kwamba wanafunzi wote duniani wana umri sawa," nikasema. Wakaguna. Nikawapanga wanne mbele ya ubao.

"Mtu mmoja ana umri sawa na yeye mwenyewe. Kuna mbishi? Hakuna. Sasa chukulieni kwamba kundi lolote la watatu lina umri sawa. Hawa wanne je?" Nikamtoa wa kwanza nje ya mlango. "Wamebaki watatu, basi wako sawa." Nikamrudisha, nikamtoa wa mwisho. "Hawa nao ni watatu, wako sawa. Na hawa wa katikati wamekuwamo kwenye makundi yote mawili, kwa hiyo wa kwanza na wa mwisho nao wako sawa. Na kundi lolote linakwenda hivyohivyo. Haya, kosa liko wapi?"

Kelele zikaanza. Mmoja akasema kosa ni hisabati yenyewe. Nikamwambia akae kabla sijamkaanga. Kisha akaja mbele binti tunayemwita Wakili, kwa ubishi wake. Akawarudisha wawili kwenye viti vyao, wakasimama wawili tu. Akamtoa mmoja. Akamrudisha, akamtoa mwenzake.

"Hapa, mwalimu," akasema. "Wakiwa watatu au zaidi, yupo wa katikati wa kuwaunganisha. Wakiwa wawili, kila mmoja anabaki peke yake. Hakuna wa katikati. Kutoka mmoja kwenda wawili ndipo panapokatika."

Nikasema vizuri sana. Nikageukia ubao nikaanza kuandika sijui nini, maana machozi yalishanijaa, mtu mzima na ndevu zangu.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Vumbi la chaki hilo. Andikeni!"

Wakaandika. Watoto si wajinga, hakuna aliyecheka.

Jioni, njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijifunza maneno mawili: usiende, nakuomba. Niliyatamka kwa sauti, na watu wakawa wananipisha wakidhani nimerukwa na akili.

Nikamkuta sebuleni, ameshavaa viatu, cherehani imefungwa kamba. Gari la kaka yake lilikuwa nje linaunguruma. Angeweza kuondoka kabla sijarudi, lakini alikuwa amenisubiri. Akanitazama usoni.

Nikafungua kinywa. "Mama, mwambie…"

Mke wangu akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Mama hayupo," akasema polepole. "Nipo mimi. Niambie mimi."

Haki ya Mungu, nilikuwa nayo maneno yote mawili, yako hapa kwenye ulimi.

"Umefunga dirisha la jikoni?" nikauliza.

Akangoja kidogo. Nadhani alifikiri ndiyo kwanza naanza.

"Nimefunga," akasema, akainua begi lake.

Kaka yake akaingia kuchukua cherehani. "Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri tu," nikamjibu, na kwa kuwa mikono yao ilikuwa imejaa, nikawashikia mlango.