Udongo wa Kichuguu

Kabla watu binafsi hawajaruhusiwa kununua pamba, hakuna aliyekitaka kile kipande cha ardhi cha kando ya barabara pale Ngulyati. Kilikuwa cha Eufrasia, mjane wa Masunga, na mpaka wake na shemeji yake Machibya waliujua wenyewe wawili: unaanzia kwenye jabali la barabarani, unanyooka mpaka kwenye kichuguu kikubwa. Basi, mambo yakaishia hapo. Kisha akaja mnunuzi kutoka Maswa anatafuta mahali pa kujenga ghala, na Machibya tamaa ikamwingia, mwanaume mzima na ndevu zake.

Sasa kosa la Eufrasia, maana kosa alikuwa nalo. Kiangazi kilichopita alikibomoa kile kichuguu. Msimcheke! Nani huku kwetu hajabomoa kichuguu? Udongo wake ukijengea matuta ya jaruba, maji hayatoki ng'o, mpunga unanenepa. Alikichimba mpaka pakawa tambarare, akahamisha udongo karai kwa karai. Uliobaki akaumwaga juu ya kaburi la mwanawe karibu na nyumba, kwa sababu mvua zilikuwa zimelididimiza na ng'ombe walianza kulikanyaga. Akaushindilia vizuri. Kaburi likainuka, roho yake ikatulia.

Machibya naye akauona ule mwinuko. Siku moja asubuhi akaja na baraza la kijiji.

"Kichuguu cha mpaka ndicho hiki," akasema, akikielekezea fimbo. "Mpaka ukipita hapa, ghala litakaa upande wangu."

"Shemeji, hilo ni kaburi!" Eufrasia alipiga kelele. "Kaburi la mtoto wa kaka yako!"

"Kaburi gani? Mwanaume gani alilichimba? Amtaje."

Hapo alimpata, mjanja yule. Kichanga kikifariki kabla ya kupewa jina, wanawake ndio wanaokizika, na wanaume hawasogei wala hawaulizi. Masunga mwenyewe hakuoneshwa mahali. Wazikaji walikuwa wawili tu: mama mkwe, ambaye naye amekwishafariki, na Lukresia, mke wa Machibya.

Lukresia alikuwepo. Alisimama nyuma ya mumewe akitazama vidole vya miguu yake.

"Dada Lukresia, waambie," Eufrasia akamsihi. "Ulikuwepo. Sema tu."

Machibya hakugeuka hata kidogo. Alikohoa. Kumbe kile kikohozi kilitosha, maana Lukresia alirudi nyuma hatua moja.

Mwenyekiti Athanasi akainama, akachota udongo, akaufikicha kiganjani. Hakuwa mtu wa kuhongwa, na hilo ndilo lililomtisha Eufrasia.

"Mayu," akasema kwa huruma, kama anayemwita mama yake, "huu ni udongo wa kichuguu."

"Niliuweka mimi!"

"Huenda. Lakini mimi nitajuaje? Tuchimbe. Tukikuta mchwa na vijumba vyao, hapa ni mpaka. Tukikuta mtoto, Machibya ataondoka na aibu yake. Ukikataa, nitalazimika kumpa yeye."

Eufrasia alilitazama kaburi. Amfukue mwanawe? Kaburi likishafunikwa limefunikwa, nani asiyejua? Lakini akikataa, hapo hapo patasawazishwa, malori ya pamba yageuzie juu ya mtoto wake. Alimchukia Machibya siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Mwanamume mmoja akainua jembe.

"Liweke chini!" Eufrasia akafoka. "Jembe la mtu halimgusi mwanangu."

Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Udongo alioushindilia mwenyewe ulikuwa mgumu, kucha zikakatika, damu ikatoka. Watu wakageuza nyuso. Udongo mwekundu wa kichuguu ukaisha, ukafuata ule mweusi wa mbuga, na mchwa hakuonekana hata mmoja. Sasa akawa anachimba polepole, kwa ncha za vidole.

"Mayu, inatosha," mwenyekiti akasema.

"Inatosha nini?" Machibya akadakia. "Tumeona nini? Aendelee!"

Akaendelea. Alikuwa analia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Mara mtu akapiga magoti upande wa pili wa shimo. Alikuwa Lukresia. Machibya alimwita kwa jina, akamwita tena kwa ukali, wala hakugeuka. Alimshika Eufrasia mikono yote miwili iliyojaa udongo, akaisogeza taratibu kutoka pale ilipokuwa ikichimba.

"Usichimbe hapo, dada," akasema, machozi yakimtiririka. "Hapo ndipo nilipomlaza kichwa."