Bushi Ngumu

Teke la kwanza lilimpata Fanueli kwenye ugoko, kwa kuwa ugoko ndio uliokuwa nje. Mwili uliobaki ulikuwa chini ya lori, umelala juu ya gunia, oili ya difu, gia zizungushazo tairi za nyuma, ikimdondokea shavuni.

"Toka, bwana fundi. Mkubwa kafika."

Mgambo huyo walisoma naye darasa moja. Enzi hizo mgambo ndiye aliyekuwa akipigwa.

Kornelio, ofisa aliyeletwa Lushoto kuwahamisha watu wa milimani kwenda kijiji kipya cha bondeni, alisimama mbali na oili. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukatia mkate.

"Siku ya tatu. Nati moja inakushinda?"

"Si nati, mzee. Ni bushi inayokaa katikati ya beringi za pinioni, ile gia ndogo ya difu. Ya kiwandani hubonyea unapokaza nati, na ikishabonyea mara moja, basi, haitumiki tena. Mpya tumeagiza tangu Machi. Kwa hiyo nimechonga ngumu kwa bomba la chuma, isiyobonyea. Lakini lazima niipimie kwa vipande vya bati. Natia, nakaza, napima, nafungua, narudia."

"Rudisha ya zamani."

"Mchana itakwenda, mzee. Jioni beringi zinasagika."

"Mimi nina shida na mchana tu."

"Na watakaokuwa ndani jioni?"

Kornelio alimtazama mgambo. Kitako cha bunduki kikashuka juu ya mkono wa kushoto wa Fanueli, ulioegemea bampa, na vidole viwili vikalia kama kuni kavu.

"Saa nane mchana," Kornelio alisema, akaenda kunywa chai.

Mjomba wa Fanueli, Hezekia, aliyekuwa akichungulia uani, aliingia akavifunga vile vidole kwa ukambaa wa mgomba. Alikuwa ameteremka kutoka Kwembago, kijiji chao cha mlimani, alfajiri, kwa mguu.

"Tia ile kuukuu," alinong'ona. "Gari life. Mama yako kasema hatoki ndani ya nyumba yake, na hawa hawana simile."

"Halitakufa likipanda, mjomba. Likipanda ni tupu. Litakufa likishuka limejaa. Difu ikijifunga kwenye kona, tairi za nyuma zinaganda. Kornelio anakaa mbele, mlangoni, ataruka. Ninyi mko nyuma na mbuzi wenu."

"Kwa hiyo utawatengenezea gari zuri."

"Nitawatengenezea ninyi."

"Sisi hatukuagiza gari, mghoshi."

Hezekia aliondoka bila kuaga. Fanueli akarudi kwenye gunia.

Alifanya kazi kwa mkono mmoja, na ule mwingine ukawa wa kutukanwa tu. Alikata bati la kopo la maziwa, akalitia nyuma ya bushi, akakaza nati kwa spana yenye bomba refu, akilisukuma bomba kwa bega. Kisha akazungushia kamba kwenye shingo ya pinioni na kuning'iniza jiwe, lile jiwe lake alilopimia difu zote za tarafa. Jiwe liligoma kushuka: kumekaza mno. Akafungua, akaongeza bati. Mara ya pili jiwe lilianguka kama mlevi. Akafungua tena. Alitapika kidogo, akajifuta. Mara ya tano jiwe likashuka polepole, kwa adabu zake.

Saa nane lori lilipanda Kwembago na Fanueli nyuma, wa akiba, endapo lingeharibika.

Halikuharibika.

Mgambo waliingia nyumba hadi nyumba na fimbo. Mwanamume mmoja aliuliza maharage yake yavunwe na nani, akapigwa hadi akaacha kuuliza. Hezekia alipanda mwenyewe, shati limechanika mgongoni. Rahabu, mama yake Fanueli, aliikumbatia nguzo ya katikati ya nyumba.

"Sishuki kwenye mbu," alisema. "Niueni hapa kwenye baridi."

"Mnyororo," Kornelio aliagiza.

Omari, dereva, alifunga ncha moja kwenye nguzo na nyingine nyuma ya lori.

"Mama atoke kwanza!" Fanueli alipiga kelele.

Mgambo walimburuta nje kwa kumshika miguu. Kichwa kiligonga kizingiti. Omari akatia gia ya kwanza. Tairi zikachimba, zikashika, na nguzo ikang'oka na udongo wake. Paa liliketi chini taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa.

Rahabu alirushwa ndani ya lori, akaangukia magunia karibu na mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Salamu hujibiwa, hata mdomo ukiwa na damu. "Tuliambiwa gari hili limekufa. Tukafurahi, tukapanda na viazi. Nani kalifufua?"

"Mimi, mama."

Rahabu alijifuta damu kwa kanga. "Umelitengeneza vizuri. Halikuteleza hata kidogo."

Kornelio aligonga ubao kutoka nje. "Fundi! Yapo malori mengine mawili kule bondeni, ugonjwa wake ndio huo huo. Kesho utayatilia hizo bushi zako ngumu."

Omari alitaka kushuka akafungue mnyororo. Kornelio alikwishaingia, akafunga mlango.

"Twende, giza linaingia."

Lori liliteremka kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, difu kimya kabisa. Nyuma yake nguzo ya Rahabu iliburuzwa barabarani, ikichora vumbi, ikijigonga ukingoni mwa kila kona. Watu arobaini waliitazama ikiwafuata.