Laptop ya Mikidadi

Mama Agape, jirani wa kina Mwanaima kule Naipingo, anaapa kwamba mpwa wake alinunua laptop mpya kabisa, na mvua hazijakatika ikaanza kuganda kila akifungua vitu viwili, mpaka akaigeuza ya kuangalizia sinema. "Wewe ulizia memori tu, mwanangu," alimwambia Mwanaima. "Usibabaike na kung'aa."

Sasa Mwanaima alikuwa dukani Ruangwa, hela ya ufuta ameifunga kwenye pindo la kanga, na mbele yake zipo laptop mbili. Moja mpya, nyepesi, ila memori ndogo. Nyingine ya zamani, imechubuka pembeni, memori yake mara mbili.

"Hiyo ya zamani ina nguvu, dada," alisema Jofrey, muuzaji. "Ila betri yake siiapii."

Na chuoni kwa mdogo wake Mikidadi umeme haukai. Kijana alichosema ni kimoja tu: "Dada, niletee itakayonifikisha mwisho." Ufuta mwingine ni mpaka mwakani. Mwanaima akampigia Mikidadi tena, simu haipatikani.

Ingekuwa korosho, angepasua moja aione ndani, ndipo aseme neno. Hapa akaziwekea mkono tu, moja baada ya nyingine, kama anayepima homa ya mtoto. Zote zilikuwa na joto lilelile.

"Kaka Jofrey," akasema taratibu, "angekuwa ni mdogo wako wewe, ungempa ipi?"

Jofrey alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine, anamtafutia chaja.